Sifa tatu kwa kila kosa moja: kanuni isiyo na msingi

Katika semina za uongozi, Kampala kama kwingineko, bado husikika kwamba saikolojia chanya, yaani tawi la saikolojia linalochunguza kinachowafanya watu wastawi, inamtaka msimamizi atoe sifa tatu kwa kila kosa analolitaja. Kanuni hiyo ilipata nguvu kutokana na makala ya Barbara Fredrickson na Marcial Losada ya mwaka 2005, iliyodai kuwa mtu hustawi pale hisia zake chanya zinapofikia angalau 2.9013 kwa kila hisia hasi moja. Mwaka 2013 Nicholas Brown, Alan Sokal na Harris Friedman walionyesha kuwa milinganyo yake ilichukuliwa kwenye elimu ya mwendo wa vimiminika, bila sababu yoyote ya kuitumia kwa hisia za watu. Jarida lililochapisha makala hiyo likaiondoa sehemu hiyo ya hesabu.

Kazini madhara ya kanuni hiyo ni makubwa. Mfanyakazi aliyezoea sifa zinazotangulia lawama husikia "umefanya vizuri" na kujikaza akingoja "lakini". Sifa inaisha thamani, na kosa lenyewe halieleweki.

Tenganisha sifa na lawama. Karani wa stoo ya Nakawa akigundua magunia mawili ya sukari yamepungua kabla lori halijaondoka kwenda Gulu, mwambie siku hiyohiyo: "Ulihesabu upya, mteja akapata mzigo kamili." Ishia hapo. Siku akikosea hati, mwite pembeni, litaje kosa waziwazi, muulize kilichomkwamisha, kisha mkubaliane marekebisho na siku ya kuyakagua.