Kamera ndani ya kizazi bila nusu kaputi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Huwezi kuchunguzwa ndani ya kizazi bila kulazwa usingizi." Zamani, vifaa vilipokuwa vinene, aliyesema hivyo alikuwa na sababu. Siku hizi kamera nyingi za kliniki zina kipenyo cha milimita 3 hadi 5. Zile nyembamba kabisa zinakaribia mrija wa wino ulio ndani ya kalamu. Tena mwaka 1997 daktari wa wanawake Stefano Bettocchi wa Bari, Italia, alieleza mbinu ya kuacha kabisa kile chuma cha kupanulia uke na koleo la kushikia shingo ya kizazi. Maji ya chumvi, kama yale ya dripu, yanatangulia kufungua njia, na daktari anayafuata taratibu akitazama skrini.

"Basi haiumi." Hapana, hili nalipinga kwa nguvu zote. Wengi husikia maumivu kama ya hedhi, yanapita. Lakini Chuo cha Kifalme cha madaktari wa wanawake cha Uingereza chenyewe kinakiri kwamba karibu theluthi moja ya wanawake hutaja maumivu ya alama 7 kwenda juu kati ya 10. Mwanamke anayeambiwa "ni kakidonda tu ka sindano" kisha akapata ya 8, ataamini kuna kitu kimeharibika mwilini mwake.

"Aliyezaa hasikii kitu." Kuzaa kwa njia ya kawaida kunasaidia, kweli. Ila mama aliyekoma hedhi miaka kumi iliyopita shingo yake ya kizazi huwa imebana, hata kama ana watoto sita. Aliyejifungua kwa upasuaji tu naye asihesabiwe humo. Na mwenye hedhi za kumlaza kitandani aseme mapema.

"Dawa za maumivu utapewa ukishindwa." Ibuprofen, kwa asiyekatazwa kuitumia, humezwa saa moja hivi kabla. Ikisubiri kilio imechelewa.

"Ukisema acha, umeharibu kipimo." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kamera kufika ndani huku mgonjwa ameng'ata kanga, mimi siuiti ushindi. Muuguzi asimame kichwani pake, amtazame usoni badala ya skrini, na neno "acha" likitoka, kamera itoke. Kipimo kinarudiwa siku nyingine, kwa ganzi au kwa nusu kaputi, na hayo aelezwe kabla hajavua nguo.