Kocha wa maisha ni nani, na bingwa anamhitaji kwa nini?

Kocha wa maisha ni mtu anayekaa na mwanamichezo, au mtu yeyote mwenye kazi ya shinikizo kubwa, faraghani na kwa ratiba, ili amsaidie kujua anachotaka maishani na namna ya kukifikia. Hampangii mazoezi, hamtibu, wala hamwamulii. Kazi yake kubwa ni kuuliza na kusikiliza, halafu kufuatilia kama uliyoyasema umeyafanya.

Chukua kijana wa Nakuru anayefanyia mazoezi njia za Menengai. Ameshinda marathoni ng'ambo na kurudi na pesa ambazo ukoo mzima haujawahi kuziona. Kocha wa mbio anataka waanze msimu mpya. Wakala anataka asaini mashindano mengine, maana asilimia yake imo humo. Kaka anataka anunuliwe matatu. Mama anaomba nyumba, na ana haki ya kuomba. Watu wa harambee nao wameshafika langoni. Naamini wote wanampenda, lakini kila mmoja ana chake akisema ndiyo. Sasa nani atamuuliza kama ule mguu bado unamuuma, au kama usiku analala?

Kwangu mimi, hicho ndicho kiini cha dhana hii: bingwa anahitaji angalau mtu mmoja asiye na fungu katika jibu lake. Maswali yenyewe huwa mepesi kuyasikia na magumu kuyajibu. Nani mwingine anajua salio la akaunti yako? Ukivunjika goti kesho, utaamka ufanye nini? Hasira uliyotoka nayo uwanjani uliipeleka wapi? Mwisho wa kikao mwanamichezo huchagua mwenyewe jambo moja la kutekeleza, na wakikutana tena ndilo linaloanza kuulizwa. Mkongwe wa mchezo atakusimulia alivyopita yeye. Kocha wa maisha anakaa na njia yako wewe.

Wakati mwingine kazi hii hufanywa na kocha wa michezo mwenyewe. Patrick Sang, aliyeshinda fedha ya kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, alikuwa jirani ya Eliud Kipchoge huko Nandi kabla ya kuwa kocha wake. Kipchoge, aliyekimbia umbali wa marathoni huko Vienna kwa saa 1:59:40 mwaka 2019, amesema mara nyingi kwamba Sang amemfunza maisha pamoja na mbio. Bahati ya namna hiyo ni adimu. Wengi wana kocha anayejua muda wao wa mita 10,000 na hajui kama nyumbani kuna amani.

Nyumbani ndiko mambo huharibikia. Mwanariadha Agnes Tirop alipouawa nyumbani kwake Iten mnamo Oktoba 2021, Wakenya walianza kusema wazi habari za wanariadha wa kike ambao mapato yao hushikwa na waume au makocha. Kwa mwanamke aliye katika hali hiyo, mtu wa kuzungumza naye lazima atoke nje ya mzunguko huo. Hata hivyo, palipo na vitisho au kipigo, maswali ya kocha hayatoshi: anahitaji mahali salama na polisi.

Daktari mpasuaji wa Kisumu au mkurugenzi wa kampuni ana haja ileile, ingawa yeye hapigiwi makofi.

Chagua kwa uangalifu. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, lakini mtu anaweza kujiita kocha wa maisha bila leseni yoyote. Muulize amesomea wapi, na mkubaliane ada kwa kila kikao. Akitaka asilimia ya zawadi zako, akikukopa, au akiomba kukutunzia pesa, achana naye, maana ameshajitia kwenye foleni ya wenye chao. Siri zako zisitoke chumbani humo. Na ukimwambia umekosa usingizi kwa wiki kadhaa, au kwamba huoni sababu ya kuishi, kocha mwema husimamisha kikao na kukupeleka kwa daktari siku hiyohiyo, iwe ni hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu au iliyo karibu zaidi.