Pumu ya mtoto haingoji kukuche

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Wengi tunawapokea alfajiri: mtoto kabebwa begani, anahema mwili mzima, na mama anasema, "Alianza saa tatu usiku, tukaona tusubiri kukuche." Maswali haya huwa naulizwa pale kitandani, oksijeni ikishawekwa.

Pumu ni nini?
Ni ugonjwa wa njia za hewa. Zinavimba kwa ndani, misuli yake inakaza, ute unajaa, hewa inapita kwa shida na kutoa mlio kama filimbi. Haiambukizi. Mayai ya kware hayaiponyi.

Nitajuaje kuwa hili si la kumalizia nyumbani?
Washa taa, mvue shati, tazama kifua. Je, ngozi kati ya mbavu na chini yake inazama kila akivuta pumzi? Matundu ya pua yanatanuka? Muulize swali: anajibu neno mojamoja, akikatishwa na pumzi? Mtoto mchanga anaachia ziwa ili ahemee? Mfungue mdomo pia, maana kwenye ngozi nyeusi rangi ya uso inadanganya. Ulimi na fizi zikiwa za kijivu au bluu, amekosa hewa. Dalili moja inatosha. Usikae kuhesabu zifike tatu.

Ni saa saba usiku. Si tusubiri asubuhi?
Hapana. Pumu hupenda kuzidi usiku, kwa hiyo saa hizo unazosubiri ndizo mbaya kuliko zote.

Lakini mlio umekata na sasa anasinzia.
Basi ondokeni sasa hivi. Mlio unatokana na hewa inayopita. Mbavu bado zinazama na kifua kimenyamaza? Hewa haipiti hata ya kutoa sauti, na huo usingizi ni mtoto kuishiwa nguvu. Mama mmoja alinieleza jinsi alivyomshukuru Mungu kifua kilipotulia, akamfunika kanga mtoto, akalala naye. Daktari aliposikiliza mapafu karibu asisikie kitu. Mtoto alipona, ila alitutoa jasho. Aliyepata nafuu kweli hutulia mbavu, huongea, huomba chai.

Inhela, yaani pampu ya kuvuta dawa, si itamzoesha?
Haimzoeshi! Nimelijibu swali hili mpaka nimechoka, na bado nakuta pampu mpya kabatini, haijafunguliwa, "ya dharura kubwa". Ya salbutamol, mara nyingi ya bluu, hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache. Ile ya kuzuia, yenye steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe), ni ya kila siku hata akiwa mzima. Akihitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, mrudishe kliniki mchana, kabla hajabanwa.

Hawezi kuivuta vizuri.
Wengi hawawezi, na dawa inaishia kooni. Tumia chupa ya maji ya nusu lita: toboa kitako tundu linaloishika pampu barabara, ziba pembeni kwa gundi, mdomo wa chupa uwe mdomoni mwake. Mdogo zaidi anahitaji barakoa inayofunika pua na mdomo. Tikisa pampu, puliza mara moja, avute pumzi tano hivi, kisha tikisa upulize tena.

Na tukiwa njiani?
Endelea: mpulizo mmoja kila nusu dakika au dakika moja, hadi mipulizo 10. Akae wima, usimlaze. Asipopata nafuu, au akipata halafu akabanwa tena kabla ya muda wa saa nne kupita, ni hospitali, hata kama sasa anacheka.

Tumfukize kwanza?
Hapana jamani. Shuka kichwani, sufuria la maji ya moto, mtoto anayetafuta hewa: nimeshauguza pumu na majeraha ya moto kitanda kimoja. Mafuta ya taa kifuani nayo yanamwongezea harufu ya kumbana. Jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma vitoke chumbani anakolala.

Hatuna gari, na ni usiku wa manane.
Mgongee jirani mwenye bajaji. Akikwambia msubiri kukuche, mwonyeshe zile mbavu.