Bwawa la Meli za Rimoti: Yanayosemwa na Yalivyo

Mwenye meli mpya ya rimoti kwanza hufungua picha za setilaiti, akatafuta doa kubwa la maji. Picha hazidanganyi, ila zinaonyesha uso wa maji tu. Bwawa huamuliwa na ukingo wake, kilicho chini ya maji na kinachozuia upepo. Hayo ni ya kwenda kuyaona kwa miguu.

"Kubwa ndiyo bora"

Rimoti za masafa ya redio ya 2.4 GHz hufika mbali kuliko jicho. Meli ya mita moja ikishapita mita mia hivi, hujui tena kama inakuja au inakwenda, na ukikata kulia huenda ndiyo unaipoteza. Isitoshe, mawimbi hayapunguzwi pamoja na meli. Wimbi la sentimita 15, kwa meli iliyopunguzwa mara 96, ni sawa na wimbi la mita 14 kwa meli halisi. Kwa mtu mmoja, upana wa mita 50 hadi 100 unatosha kabisa.

"Kina chochote kinatosha"

Kwa meli ya mota, mara nyingi ni kweli. Mashua za tanga ni habari nyingine: za daraja la International One Metre (mashua za mfano za urefu wa mita moja hivi) zinaruhusiwa kushuka hadi sentimita 42 chini ya maji, na uzito wao uko huko chini, kwenye ncha ya mkuku, yaani ubapa unaoshuka chini ya mashua. Wengi huuliza kina cha katikati, wakasahau ukingo. Bwawa la mita mbili linaloteremka polepole litakuingiza majini hadi magotini kila unaposhusha mashua. Mimi ningechagua ukuta wa saruji au gati fupi lenye zaidi ya nusu mita ya maji papo hapo, hata kama bwawa lenyewe halina sura.

Pima kwa fimbo uliyoitia alama za sentimita. Ikianza kuzama kwenye tope laini, soma pale tope lilipoanza, si pale fimbo ilipokwama. Mkuku utasimama kwenye tope.

"Maji yanaonekana safi, hayana magugu"

Magugu mengi huishia kidogo chini ya uso wa maji, na bwawa lililo safi msimu wa baridi linaweza kuzibwa na magugu joto likianza. Tupa kamba yenye reki ndogo, ivute taratibu, uone inaleta nini. Jani refu likinasa kwenye mkuku, mashua inakuwa nzito na kukataa kugeuka. Likijisokota kwenye propela, mota inavuta umeme mwingi na kupata moto, na kidhibiti mwendo kinaweza kuungua. Ukikuta utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, ondoka: huenda ni bakteria wenye sumu kwa watu na mbwa.

"Miti pembeni huleta utulivu"

Utulivu ndio usioutaka ukiwa na tanga. Nyuma ya miti upepo huvurugika, na athari yake huweza kufika mara kumi ya urefu wa miti au zaidi. Tazama maji kabla ya kushusha chochote: mabaka laini yanayong'aa katikati ya viwimbi ndipo mashua itakaposimama ikitikisa tanga.

"Maji ya chumvi ni yale yale"

Siyo. Chumvi hula vyuma na saketi, kwa hiyo suuza kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila mara. Wenye nyambizi wana shida zaidi, kwani mawimbi ya redio ya rimoti karibu hayapenyi maji ya chumvi. Hata kwenye maji baridi, 2.4 GHz hufa karibu tu na uso, ndiyo maana wengi wao bado wanashikilia rimoti za zamani za 27, 40 au 75 MHz.

"Ni bwawa la umma, ruhusa ya nini?"

Uliza. Round Pond ya London imezoea mashua za mfano tangu karne ya 19, lakini mabwawa mengi yana masharti, hasa kwa injini za mafuta na majira ya ndege kutamia.

"Ikikwama nitaogelea"

Tope na maji ya baridi yameua waogeleaji hodari. Chukua mshipi wa kuvulia wenye mpira wa tenisi mwishoni, urushe ng'ambo ya meli, kisha uivute taratibu. Bila mshipi, utasubiri upepo uisukume hadi ng'ambo. Kwa hiyo lizunguke bwawa lote kwanza: upande unakoelekea upepo ukiwa na matete mazito au uzio usiopitika, tafuta bwawa jingine.