Soli za ndani kwa wabeba mizigo: maswali kuhusu maumivu ya uvungu wa unyayo

Nabeba magunia ya dagaa mwaloni Kirumba, jijini Mwanza. Jioni uvungu wa unyayo unawaka moto, na asubuhi hatua za kwanza kutoka kitandani ni kama nakanyaga msumari. Hii ni nini?

Chini ya unyayo kuna ukano mpana, mgumu, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino, kupita uvunguni na kugawanyika kuelekea vidole. Kazi yake ni kushikilia uvungu usibonyee. Ukiwa na gunia begani, uvungu unashuka na ukano unavutika. Ukiinua kisigino ili upige hatua, vidole vinakunjika na ukano unakazwa tena. Hayo yakirudiwa kutwa nzima, ukano unachoka na kuharibika, hasa pale ulipojishikiza kwenye kisigino. Usiku unakakamaa, ndiyo maana hatua za kwanza asubuhi zinauma, kisha maumivu yanapungua, halafu jioni yanarudi.

Kama asubuhi huna shida na maumivu yako katikati ya uvungu tu, baada ya kazi, mara nyingi ni misuli midogo ya unyayo imechoka. Hapo kagua kiatu kwanza.

Dukani wananionyesha soli laini za sponji na za jeli. Ukibonyeza kwa kidole zinapendeza. Nichukue?

Kidole chako hakina uzito wa mwili pamoja na mzigo. Mtu wa kilo 70 aliyebeba mfuko wa saruji wa kilo 50 anaweka kilo 120 juu ya mguu mmoja kila anapoinua mwingine. Chini ya uzito huo sponji laini inabonyea mpaka mwisho, na uvungu unashuka kana kwamba hakuna kitu. Tafiti zilizofanywa hasa kwa askari zimeonyesha hivyo hivyo: soli za kupunguza mshindo peke yake hazikuzuia majeraha, ila zile zenye umbo la kushika unyayo zilisaidia.

Tafuta soli yenye tabaka gumu chini na kitambaa au sponji nyembamba juu. Ishike kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, uisokote: ikijikunja kama kitambaa, iache. Bonyeza kwa dole gumba pale penye kilima cha uvungu, yaani sehemu ya soli iliyoinuka, kwa nguvu zako zote. Inatakiwa ibonyee kidogo tu na irudi. Angalia pia kisigino: kiwe na kibakuli chenye kingo, ili nyama ya kisigino isitawanyike pembeni mzigo unapokuja.

Soli ya kupimwa na kutengenezewa mguu wako hospitalini ni nzuri, lakini kwa maumivu haya ya kawaida ile ya dukani iliyochaguliwa vizuri huwa haiko nyuma sana. Usiuze simu kwa ajili ya hiyo.

Nitajuaje kilima cha uvungu kinakaa mahali pake?

Iweke soli sakafuni, usimame juu yake bila kiatu, ikiwezekana na mzigo. Fanya hivyo jioni, kwa sababu mguu wa jioni umevimba kidogo na ndio mguu wa kazini. Upande wa ndani wa unyayo, mbele kidogo ya kifundo, kuna mfupa uliochomoza. Kilele cha kilima kikae chini ya eneo hilo. Kikisogea mbele kitakuchoma nyuma ya dole gumba. Kikirudi nyuma kitakupandisha kisigino bila kushika kitu.

Urefu wa kilima ujaze uvungu, usiusukume. Ukihisi umekanyaga yai, ni kirefu mno.

Wengi hupima kwa kulowesha mguu na kukanyaga boksi ili waone kama wana unyayo bapa. Alama hiyo peke yake haitoshi. Simama kwa ncha za vidole, mtu akutazame kwa nyuma: uvungu ukijitokeza, mguu wako ni wa kulegea tu na soli ngumu kiasi itakufaa. Ukibaki bapa hata hapo, usijichagulie soli ngumu. Muone mtaalamu wa fiziotherapia.

Natumia buti za mpira kwa sababu ya maji. Soli zinanisaidia humo?

Zinasaidia, ila buti la mpira lina matatizo mawili. La kwanza, halina kamba. Likiwa pana, vidole vinajikunja kulishika lisichomoke, na kujikunja huko kunachosha uvungu hata bila mzigo. Kwa hiyo chagua saizi inayobana vizuri juu ya mguu ukiwa na soksi nene na soli mpya ndani, huku mbele ya kidole kirefu ikibaki nafasi ya kama sentimita moja. Ukinunua buti kwanza na soli baadaye, unaweza kukuta mguu hauingii.

La pili ni unyevu. Soli yenye kadibodi au ngozi ikilowa inalegea na kilima kinalala. Dondoshea tone la maji upande wa chini wa soli kabla ya kununua. Likinyonywa, hiyo si ya mwaloni. Kuwa na jozi mbili, moja kazini na nyingine ikikauka kivulini kwenye upepo. Jua kali la mchana linakunja nyingi, na unyevu usiokauka unaleta fangasi katikati ya vidole.

Na buti za mtumba za pale Mlango Mmoja?

Zipo nzuri kuliko mpya nyingi za bei rahisi. Lakini kabla ya kufikiria soli, likunje buti: lijipinde pale vidole vinapoanzia, si katikati. Likijikunja katikati kama kandambili, hakuna soli ya ndani itakayoliokoa.

Kisha liweke mezani ulitazame kwa nyuma. Likilala upande mmoja, aliyelivaa mwanzo amelipinda, na wewe utapindwa nalo. Mwisho, minya soli ya chini kwa kucha, hasa juu ya kisigino. Kuna soli za plastiki laini ambazo huoza zenyewe kwa unyevu zikikaa stoo miaka. Kwa nje ni kama mpya, ukibeba mzigo wiki moja zinamomonyoka vipandevipande. Zikitoa unga au nyufa nyembamba, rudisha.

Fundi viatu anaweza kunitengenezea?

Anaweza, ukimwelekeza. Mpe soli ya zamani ya kiatu hicho. Akate kipande cha mpira mgumu wa kandambili, unene wa milimita 5 kwenye kilele, akinyoe kingo zote mpaka ziishe kuwa sifuri, kisha akigundishe chini ya soli, si juu. Kikigundishwa juu, kingo zake zitakutoa malengelenge. Vaa siku kadhaa. Kama bado uvungu unaelea, aongeze milimita 2. Ni rahisi kuongeza kuliko kupunguza.

Nimenunua. Naanza kesho na magunia?

Hapana. Toa kwanza soli iliyokuja na kiatu. Ukirundika mbili, kisigino kinapanda na kiatu kinakivua kila hatua. Tumia ile ya zamani kama kipimo, ukate upande wa vidole tu, milimita 2 kwa mara. Siku ya kwanza vaa saa moja bila mzigo, ongeza saa moja au mbili kila siku, mzigo mzito baada ya wiki hivi. Uvungu kuchoka siku za mwanzo ni kawaida. Goti au nyonga ikianza kuuma, rudi kwenye kilima kifupi.

Kagua kila mwezi kwa dole gumba. Kilima kikishabonyea bila kurudi, kazi yake imekwisha, hata kama kitambaa cha juu bado kinang'aa.

Wanaopandisha saruji milimani, Igogo na Mabatini, wanaumia zaidi. Kwa nini?

Kupanda mawe kunavuta misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino, na hiyo kano ikikaza inauvuta ukano wa unyayo pia. Hapa mazoezi yana kazi kubwa kuliko soli. Kabla hujashuka kitandani, weka mguu juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea muundi mpaka uvungu ukaze, hesabu 10, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Siku moja ndiyo, moja hapana, simama kwenye ngazi na kitambaa kilichokunjwa chini ya vidole, inua kisigino kwa sekunde 3, tulia 2, kishushe kwa 3. Subira inahitajika, matokeo huja kwa wiki na miezi.

Na uzito wenyewe: pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la 1967 liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mwanaume mzima. Gunia lililoshindiliwa hupita hapo bila mtu kulipima.

Lini niende hospitali?

Ukisikia kitu kimekatika ghafla. Mguu ukivimba, au maumivu yakiwa upande wa juu wa mguu, mahali pamoja panapouma ukipagusa na kuzidi kila siku, maana huenda mfupa umepata ufa. Maumivu ya usiku ukiwa umelala, ganzi, au kidonda. Mwenye kisukari asingoje hata moja ya hizo: aonwe kabla ya kuweka soli ngumu yoyote, kwa sababu mguu wenye ganzi hauwezi kumwambia kwamba unachubuka.

Lazima niingie majini kufuata boti, mara nyingi kwa kandambili. Nifanyeje?

Kandambili ndiyo mbaya kuliko zote: vidole vinaing'ang'ania kila hatua, na kwenye ubao uliolowa inateleza. Vaa viatu vya plastiki vyenye mkanda wa nyuma vinavyoshika kisigino, ukifika nchi kavu ubadilishe buti kabla ya safari ndefu ya kwenda kwenye gari. Peku, mguu ukishauma, acha.