Maktaba Moja, Shule Mbili: Dhana Potofu Kuhusu Ruwaza na Dhamira

Mimi ni mkutubi, nasaidia shule za Mombasa zinazotumia maktaba moja kwa pamoja kuipanga. Iwe Likoni au Kisauni, kikao hakiishi kabla mtu hajasema: "Shule mwenyeji, yenye chumba cha maktaba, ina dhamira yake, yaani tamko la kazi yake, ukutani. Maktaba itumie iyo hiyo."

Haifai! Dhamira ya shule haisemi nani aingie maktabani Jumanne saa nne, nani anunue vitabu, wala kitabu kikipotea adaiwe nani. Tangu 2023, gredi ya 7 ilipowekwa kwenye shule za msingi, chumba kimoja kinamhudumia mtoto wa gredi ya 2 anayejifunza kusoma pamoja na vijana wenye miradi ya sayansi. Ongeza hapo shule jirani isiyo na maktaba. Mkishika dhamira ya mwenyeji, wenzenu watabaki wageni: wataingia wakiruhusiwa, na mchango wao wa vitabu utakoma. Nimeyaona haya mara nyingi mno.

Kabla ya kuandika neno lolote, nataka wakuu wa shule zote mbili, mkutubi, walimu na wanafunzi kadhaa wakae pamoja wajibu: tunamhudumia nani, tunampa nini, kwa utaratibu gani? Mfano: "Tunawapa wanafunzi na walimu wa shule zetu mbili vitabu, nafasi na msaada wa kusoma na kutafiti, kwa haki sawa." Hiyo haki sawa italeta ubishi. Bishaneni kikaoni, msije mkabishana mlangoni mbele ya watoto.

Wengine huchanganya ruwaza na dhamira. Ruwaza ni mnakotaka maktaba ifike. Dhamira ni kazi yake ya kila siku.

Kuna wanaonakili dhamira ya shule kubwa ya Nairobi na kubadili jina tu. Matokeo yake mnaahidi kompyuta msizokuwa nazo. Afadhali msome Ilani ya Maktaba za Shule ya UNESCO na IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba), iliyotolewa kwanza 1999, mjue maktaba ya shule hutarajiwa kufanya nini, kisha muandike yenu.

Eti lazima dhamira iwe kwa Kiingereza? Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Mzazi wa Mtongwe anayeombwa mchango ana haki ya kuelewa anachangia nini.

Na ikishachorwa ukutani, si kwamba haiguswi tena. Shule ya tatu ikijiunga, ifuteni muandike upya, nayo isaini. Hata asipojiunga mtu, ipitieni kila baada ya miaka mitatu.