"Tuuze ng'ombe uende Marekani kusomea Uafrika?" Dhana potofu kuhusu digrii ya Afrikana

Wiki iliyopita mdogo wangu aliyemaliza Senior Six alisema mbele ya familia nzima kwamba anataka kuomba digrii ya masomo ya Afrikana, yaani kusoma habari za Waafrika na watu wenye asili ya Afrika popote walipo. Sebule ikanyamaza, baba mdogo akaweka kikombe cha chai chini akamuuliza, "Yaani tuuze ng'ombe uende Marekani kufundishwa kuwa Mwafrika?" Wote wakageuka kuniangalia mimi maana nilisoma hiyohiyo, miaka minne, na siku ile sikujibu vizuri kwa hivyo najibu hapa.

Nianze na hilo la baba mdogo, kwamba ukizaliwa huku tayari unajua. Hata mimi nilienda nalo kichwani, nikadhani nitapita bila jasho, mimi si mtu wa Uganda bana. Muhula wa kwanza tu mwalimu akaja na kipande cha nguo ndani ya mfuko wa plastiki, rangi ya udongo mwekundu, na kikaratasi kimeandikwa "nguo, Uganda", basi. Nikasema kwa sauti hiyo ni lubugo, nguo ya gome la mti, sisi tunazikia watu. Akanishukuru halafu akaanza kuuliza: mti gani? unachunwa msimu gani? ukishachunwa unakufa ama unapona? nani ana haki ya kuitengeneza? Sikuwa na jibu hata moja. Usiku ule nikampigia jjajja, bibi yangu, yuko upande wa Masaka, nikaandika kurasa nne. Mti ni mutuba, gome la ndani linachunwa wakati wa mvua, shina linafungwa majani ya migomba lisikauke na gome linaota tena, halafu lile lililochunwa linapigwa na nyundo za mbao zilizochongwa mistari, unaanza na yenye mistari mipana unamalizia na yenye mistari membamba mpaka kitu kinakuwa laini kama shuka. Mafundi wenyewe toka zamani ni wa ukoo wa Ngonge, na Unesco iliitambua kazi hiyo mwaka 2005. Jjajja alikuwa nayo yote kichwani, mimi nimelala kwake likizo ngapi na sijawahi kumuuliza.

Kuzaliwa huku kunakupa watu wa kuwauliza. Kuuliza kwenyewe unafundishwa, na kupima majibu pia, kuchukua anachosema mzee na alichoandika mmisionari na alichoandika D.C., mkuu wa wilaya wa wakoloni, ukaviweka pamoja, ukajua nani alikuwa anamwandikia nani na alitaka nini. Hiyo ndo kazi ya miaka minne, mengine yote yanazunguka hapo.

Halafu jina lenyewe linachanganya watu, wanadhani Afrikana na masomo ya Afrika ni kitu kimoja. Masomo ya Afrika yanaangalia bara hili. Afrikana inaunganisha bara na watu wenye asili yake popote walipo, Marekani, Brazili, visiwa vya Karibi, Uingereza, mpaka Wasiddi wa India. Ndo maana kwenye kozi moja utasoma mapinduzi ya Haiti yaliyoleta uhuru wa 1804, halafu utatua kwenye mkutano wa umoja wa Waafrika uliofanyika Manchester, Uingereza, 1945 ambapo Nkrumah na Kenyatta walikaa ukumbi mmoja na W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, na unaanza kuona kwamba habari ya uhuru wetu haikuanzia kwenye mpaka wa nchi yetu.

Wengine wanasema ni historia ya utumwa tu, utalia miaka minne. Utumwa upo na lazima uwepo, watu kama milioni 12 na nusu walipakiwa kwenye meli kuvushwa Atlantiki, huwezi kuruka hapo ukajiita umesoma. Lakini kuna ushairi, dini, sheria, muziki, uchumi, afya, na Kampala yetu imo ndani kuliko tunavyojua. Juni 1962 waandishi walikutana Makerere, Chinua Achebe alikuwepo, Wole Soyinka alikuwepo, Ngũgĩ bado kijana mwanafunzi, na kutoka Marekani alikuja Langston Hughes, mshairi mkubwa kabisa wa Harlem, mtaa wa weusi kule New York. Mwaka mmoja kabla, Rajat Neogy alikuwa ameanzisha jarida la Transition hapahapa Kampala, na leo hilo jarida linatolewa Chuo Kikuu cha Harvard. Mimi nilikutana nalo mara ya kwanza kwenye maktaba ya huko, nikafungua toleo la zamani nikaona neno Kampala, nikakaa chini pale sakafuni kati ya rafu nikasoma. Niliumia kwamba nimepanda ndege kwenda kujua kitu kilichozaliwa mjini kwetu.

Na kuna ile ya kwamba wazungu ndo waliwaanzishia weusi hiyo kozi kwa huruma. Hapana kabisa. Carter G. Woodson, mwanahistoria mweusi wa Marekani, alianzisha chama cha kuchunguza historia ya watu weusi mwaka 1915 wakati vyuo vingi havikutaka hata kuisikia, na idara zenyewe zilipatikana kwa wanafunzi kugoma. Kule chuo cha San Francisco State, California, mgomo ulianza Novemba 1968 ukaisha Machi 1969, miezi karibu mitano, watu walipigwa na polisi na kufungwa. Mwaka huohuo wa 1969 Chuo Kikuu cha Cornell nao wakapata kituo chao, na James Turner aliyekiongoza ndiye aliyelisimamisha hilo jina la Afrikana. Du Bois mwenyewe alikuwa ameshahamia Ghana, akafia Accra 1963 akiwa na miaka 95, bado kashika kazi ya ensaiklopidia ya Afrikana.

Kwamba ni ya watu weusi peke yao, hiyo sikai nayo, darasani kwetu walikuwepo wa kila rangi na walisoma kwa bidii.

Sasa kazi. Hapa sitadanganya mtu. Huku kwetu upepo unavuma upande wa sayansi, mwaka 2022 walimu wa sayansi wenye digrii walipandishwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi na wa masomo ya sanaa (arts) wakagoma, kila mzazi aliona. Hakuna tangazo la gazeti linalosema anatafutwa mtu wa Afrikana, na mimi nilizunguka miezi minane na bahasha kabla ya kupata pa kukaa. Lakini si kweli kwamba haikufikishi popote. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu mwaka 1992, Stanford alisoma uhandisi wa kemikali pamoja na masomo ya Afrika na Wamarekani weusi. Na 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza walipoleta vitu 39 vya Uganda pale Uganda Museum, Kamwokya, vingine vimekaa kule zaidi ya miaka mia moja, lazima awepo mtu wa kusoma rejista, kumtafuta mwenye ukoo, kuuliza kilichukuliwaje. Nilichomwambia mdogo wangu ni aichukue pamoja na kitu cha pili, sheria au takwimu au ualimu, mfumo wa kule unaruhusu kusoma viwili.

Na Kiswahili jamani. Huku wengi bado wanakiona lugha ya wanajeshi na wezi, mtu anaongea safi kabisa halafu anaficha. Kumbe kule idara nyingi za Afrikana zinakifundisha, watu wanasotea ngeli usiku kucha, wewe wa Busia au Mnubi wa Bombo unaingia nayo mdomoni. Katiba yetu imekitambua tangu 2005. Kiandike kwenye fomu, usikiache nje.

Jana jioni baba mdogo alinipigia. Hakusema amekubali. Aliuliza tu kama hao walimu wanataka na makaratasi ya kawaida, maana miaka ya 80 alikuwa karani wa ushirika wa kahawa na daftari za wakulima bado anazo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, majina, kilo, na nani hakulipwa. Jumamosi tunaenda na mdogo wangu kupiga picha kurasa zote, nimemwambia asizipanguse na kitambaa chenye maji.